Udongo wa Kujazia: Kisa cha Msanii wa Nairobi Aliyehamia Kwenye Kazi za Tabaka Nene

Kisa hiki kinamhusu msanii mmoja wa Nairobi na mfululizo wa kazi za kidhahania, yaani zisizochora watu wala vitu, alizozijenga kwa udongo, leso kuukuu na katani. Jina lake, mtaa wake na ukumbi wa maonyesho vimeondolewa, na mambo machache ya familia yamebadilishwa; ya ufundi yameachwa kama yalivyo. Kitawafaa zaidi wasanii wanaotoka kwenye picha bapa na kuingia kwenye kazi za tabaka nene, pamoja na walimu wanaowasimamia. Matatizo yaliyotokea hapa ni ya kawaida mno, na mengi yangezuiwa kwa kibao cha majaribio na wiki mbili za subira.

Usuli

Msanii ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Eastlands. Mama yake ni mtu wa Pwani. Baba yake, ambaye sasa ni marehemu, alitoka magharibi mwa Kenya. Alisomea usanifu wa michoro, akafanya kazi katika kampuni ya matangazo, na jioni akawa anachora nyuso za watu kwa akriliki. Nyuso hizo zilipata wanunuzi, ila kadiri muda ulivyokwenda alianza kuziona zote kama kazi za oda, hata zile ambazo hakuna aliyeziagiza.

Kilichomsukuma kubadili njia ni swali analolijua kila mkazi wa Nairobi: "Kwenu ni wapi?" Ukijibu Nairobi, unaulizwa tena, "Sawa, lakini kwenu hasa?" Kwa kina mama yake aliitwa mtu wa bara, kwa kina baba yake akaitwa Mswahili, na mtaani hakuna aliyejali mpaka msimu wa uchaguzi ulipokaribia. Alitaka kulishughulikia swali hilo bila kuchora uso wa mtu.

Mpango wa kwanza ulikuwa mwepesi kueleza: kazi kumi na mbili, kila moja ikiwa na leso ya mama upande mmoja na udongo wa boma la baba upande wa pili. Kasoro yake ni kwamba jibu lilikuwa limeshaandikwa kabla ya kazi kuanza. Nusu mama, nusu baba. Kilichobaki ni kuipaka hesabu hiyo ukutani.

Mifano ya kujifunzia haikuwa mbali. Rosemary Karuga alijenga kolaji zake kwa vipande vya karatasi za vifungashio. Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, huchora juu ya lubugo, kitambaa cha Uganda kinachotengenezwa kwa gome la mti wa mutuba, na matundu na mishono ya gome hilo huachwa ionekane na kuamua sehemu ya picha. Msanii wetu aliona kwao kwamba kifaa kinaweza kubeba historia. Alichokosa kukiona mapema ni kwamba wote wawili walizijua kwanza tabia za vifaa vyao.

Karakana yake ilikuwa chumba cha nyuma chenye paa la mabati lisilo na dari, na dirisha moja linalotazama mashariki. Paa na dirisha hilo vitarudi katika maelezo yanayofuata.

Kilichotokea

*Januari hadi Aprili: kanvasi*

Alinunua amerikani nzito, akaiwamba kwenye fremu za sentimita 90 kwa 90 na kuipaka jeso, rangi nyeupe ya kuandalia kanvasi, mara mbili. Leso alizibandika kwa gundi ya unga wa ngano iliyopikwa jikoni, kwa kuwa alipenda wazo la gundi ya nyumbani. Udongo aliuchanganya na gundi nyeupe ya mbao, akaupaka kwa mwiko kwa unene wa milimita 8 hadi 10 kwa mkupuo mmoja, kisha akaziegemeza kazi karibu na dirisha zipate jua la asubuhi.

Rangi ya leso ilichuja kwanza. Nyekundu ya pindo ilipanda hadi kwenye jeso na kuacha madoa ya waridi ambayo hata tabaka mbili za rangi nyeupe hazikuyafunika. Leso nyingi hubaki na rangi ambayo haikushika kwenye uzi, na maji ya gundi huiamsha hata kama kitambaa kimefuliwa kwa miaka.

Kisha zikaja mvua za masika na gundi ya unga ikaota ukungu. Wanga ni chakula cha ukungu, na chumba kisicho na hewa ya kupita mwezi wa Aprili kinatosha kuulisha.

Udongo nao ulipasuka. Tabaka nene likikauka juu kwanza hutengeneza ngozi; maji ya chini yanapotoka baadaye, sehemu ya chini husinyaa huku ngozi ikiwa imeshakaza, na mvutano huo huishia kwenye ufa. Jua la dirishani liliharakisha mambo, ndiyo maana nyufa zilikuwa nyingi upande uliolielekea. Baada ya nyufa kukaja kubanduka. Kanvasi hulegea na kukaza kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika, na hucheza kila inapobebwa. Tabaka gumu la udongo halichezi. Kinachoachia ni kiungo kati ya viwili hivyo. Kufikia mwisho wa Aprili, kazi nne kati ya sita zilizokamilika zilikuwa zinamwaga udongo sakafuni.

Hapa ndipo kisa kinapopata uzito wake. Msanii aliziangalia nyufa zile akazipenda. Aliandika kwenye daftari lake kwamba nyufa ndizo yeye. Marafiki walimwunga mkono, na kwa wiki kadhaa akawa anaandaa maonyesho ya kazi zilizokuwa zikivunjika mbele ya macho yake. Kishawishi hicho kina nguvu kwa sababu maelezo yake yako tayari mdomoni mwa kila mtazamaji: mtu aliyegawanyika, uso wa kazi uliogawanyika. Kazi haidaiwi tena kitu chochote zaidi.

*Mei na Juni: vibao*

Aliyemkatiza ni fundi wa fremu wa Gikomba, aliyepelekewa kazi moja aiimarishe. Aliigonga kwa ukucha sehemu tatu nne, akasikia mlio mtupu chini ya udongo, akamwambia: "Dada, hapa ndani hakuna kitu imeshika. Ukibeba hii na pikipiki, itafika fremu peke yake."

Msanii alisimamisha kila kitu. Alinunua vipande vya plaiwudi ya milimita 12, akakata vibao 24 vya sentimita 30 kwa 30 na kuandika namba nyuma ya kila kimoja. Udongo wa boma la baba ulikuwa gunia dogo moja tu, na hakutaka uishie kwenye majaribio. Kwa hiyo alitafuta udongo wa kujazia: mwekundu kutoka upande wa Kabete, na mweusi kutoka mtaro uliochimbwa na wajenzi karibu na kwao.

Nairobi imekaa juu ya udongo wa namna mbili tofauti kabisa. Magharibi, kuelekea Kabete na Limuru, ni mwekundu, wenye kupitisha maji vizuri, na hausinyai sana. Mashariki, kwenye tambarare za Embakasi kuelekea mto Athi, ni ule mweusi wa mfinyanzi ambao mafundi wa mjengo huuchimba na kuuondoa kabla ya kumwaga msingi. Chembe zake hunywa maji na kuvimba. Ukikauka husinyaa kiasi cha kupasua ardhi, na nyumba iliyojengwa juu yake bila kujali hupasuka kuta. Eastlands kwa sehemu kubwa imejengwa juu ya udongo huo.

Vibao vilionyesha tofauti hiyo ndani ya siku tano. Mwekundu, kwa kipimo kilekile cha gundi, ulikauka ukiwa mzima au na nyufa nyembamba kama unywele. Mweusi ulipasuka kila mara, tena kwa mpangilio: tabaka la milimita 2 lilitoa visiwa vya kama sentimita moja na nusu, la milimita 4 vikafika sentimita tatu hadi nne, na la milimita 6 visiwa vikawa vikubwa zaidi na kingo zake zikajikunja juu na kung'oka. Tabaka likiwa nene zaidi, nyufa huwa chache na zenye nafasi kubwa kati yake. Baada ya vibao vinane vya udongo mweusi, msanii aliweza kusema kabla ya kupaka ufa utakuwa wa namna gani.

Akiwa kwenye kibao cha kumi na kitu ndipo alipong'amua kwamba udongo aliouona wa kujazia tu ndio aliokulia juu yake. Udongo wa baba aliuheshimu, leso za mama aliziheshimu, na huu wa mtaroni aliuchota kwa koleo bila kumwomba mtu. Jibu lake la "Nairobi", lile ambalo watu huwa hawalikubali, lilikuwa limelala kwenye ndoo chini ya meza. Mpango wa nusu kwa nusu ulivunjika siku hiyo, na mfululizo mpya ukapangwa upya juu ya udongo wa aina tatu, leso ikiwa ndani yake na si pembeni.

*Julai hadi Septemba: mbao kubwa*

Karatasi moja ya plaiwudi ya futi 8 kwa 4 hutoa mbao mbili za sentimita 120 kwa 120, na saizi hiyo ndiyo aliyoichagua ili asipoteze mbao. Nyuma ya kila moja aliweka fremu ya mbao yenye mshikizo wa katikati. Plaiwudi ilizibwa kwa tabaka mbili za gundi ya akriliki mbele, nyuma na hasa kwenye kingo, maana kingo ndizo zinazonywa maji zaidi. Ukiziba mbele peke yake ubao hupinda.

Juu yake alibandika gunia la katani lililofunguliwa nyuzi, kwa gundi hiyohiyo, akalisugua kwa msasa namba 80 likishakauka. Gunia hilo ndilo linaloupa udongo mahali pa kushika.

Maandalizi ya udongo yalikuwa haya. Udongo huanikwa, hutwangwa, na kulowekwa usiku kucha kwenye ndoo. Mizizi na takataka huelea na kuondolewa. Uji wake huchujwa kwa chandarua na kuachwa utue, maji ya juu yanamwagwa, na kilichobaki hukaushwa tena. Mwisho hukaangwa kwenye sufuria kavu kwa dakika 30 huku ukikorogwa. Hatua hii ya mwisho si ya kuruka: huua mbegu za nyasi na ukungu. Kibao kimoja ambacho hakikukaangiwa udongo wake kiliota majani mawili. Kutwanga na kukaanga kufanyike nje, na barakoa ivaliwe, kwa kuwa vumbi la udongo na mchanga lina silika inayoharibu mapafu.

Mchanganyiko wa msingi, kwa ujazo, ulikuwa sehemu 2 za udongo mwekundu, 1 ya mchanga laini wa mto uliooshwa, na 1 ya gundi ya akriliki, pamoja na konzi moja ya katani iliyokatwa vipande vya sentimita moja na nusu kwa kila lita. Katani aliinunua Kariokor. Mchanga hupunguza kusinyaa, na nyuzi hushikilia pande mbili pale ufa unapotaka kufunguka. Hakuna tabaka lililozidi milimita 3, na kati ya tabaka moja na jingine alisubiri saa 48.

Kupima kama gundi inatosha, kibao kikavu husuguliwa kwa kitambaa chenye unyevu. Kitambaa kikitoka na udongo mwingi, ongeza gundi. Uso ukiwa unang'aa na kuonekana kama plastiki, umezidisha.

Udongo wa boma la baba, ambao ulikuwa wa kahawia, alitengenezea mchanganyiko uleule na kuupaka kama tabaka la juu la milimita moja tu. Kwa njia hiyo gunia dogo lilitosha mbao tisa.

Mbao za udongo mweusi zilihitaji ufundi wa namna yake. Tabaka la msingi lilibaki la udongo mwekundu, gumu na lenye mikwaruzo. Juu yake alipaka udongo mweusi usio na mchanga, sehemu 3 kwa nusu sehemu ya gundi, wenye uzito wa uji wa kulisha mtoto, kwa unene wa milimita 4. Ubao ulilazwa chini mbali na dirisha na kufunikwa kwa nailoni iliyoachwa wazi pembeni, ukauke polepole kwa siku sita hadi nane. Nyufa zilipotulia, alinyunyizia spiriti kidogo, kisha akadondoshea ndani ya kila ufa gundi iliyozimuliwa, sehemu 1 kwa maji 4, kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Spiriti huwezesha maji ya gundi kupenya badala ya kusimama juu kama matone. Alirudia mara tatu, akiacha siku moja kati. Baada ya hapo visiwa havikutikisika vilipogongwa.

Maamuzi yaliyokuwa mazito

Udongo wa boma haukuchukuliwa kimyakimya. Msanii alimpigia baba mdogo, na kwa mara ya kwanza akakataliwa. Baada ya kusafiri mwenyewe na kueleza kwa ana kwa ana, baba mdogo alimruhusu kuchota ukingoni mwa shamba, mbali na makaburi, na akataka aambiwe udongo huo utaishia ukutani mwa nani. Sharti hilo la mwisho lilibadilisha mauzo: kila mnunuzi hupewa karatasi inayotaja vifaa na asili yake, na jina lake hupelekwa nyumbani. Msanii angeweza kuliona kama usumbufu. Alilichukua kama sehemu ya kazi, na nadhani alifanya sawa, kwa sababu kazi inayouliza mtu ni wa wapi haiwezi kuwa na vifaa visivyojulikana vimetoka wapi.

Kwa mama, mambo yalikwenda vizuri mpaka kwenye leso moja. "Hiyo ndiyo mbeleko niliyokubebea, mwanangu. Hiyo haikatwi." Zingine sita alipewa. Hiyo ya saba aliiazima kwa alasiri moja. Aliikunja mikunjo ya karibu sentimita moja, akaifunika kwa nailoni nyembamba, akaikandamiza juu ya udongo mbichi kwa ubao na matofali kwa dakika ishirini, akainyanyua na kuirudisha ikiwa safi. Ufumaji wa leso ni laini mno hauachi alama. Kilichobaki kwenye udongo ni mikunjo na pindo lililoshonwa. Ubao huo ndio uliowasimamisha watu zaidi kwenye maonyesho, na hauna uzi hata mmoja wa kitambaa.

Leso sita zilizokatwa zilifuliwa kwa maji ya moto hadi maji yakatoka meupe, zikajaribiwa kwa kufungwa usiku kucha ndani ya kitambaa cheupe chenye unyevu, na zile mbili zilizoendelea kuchuja zikazibwa kwa gundi ya akriliki pande zote kabla ya kutumika. Zilizikwa ndani ya tabaka bichi, zikipigwa brashi kutoka katikati kwenda nje. Kitambaa kikiachwa kikanyoosha juu ya shimo kama daraja, chini hubaki hewa, na hapo ndipo kitapasuka baadaye.

Swali likawa maandishi ya leso. Katika vibao vya mwanzo aliyaacha yasomeke. Kila aliyeonyeshwa alisogea, akasoma, akatabasamu, akaondoka. Ujumbe wa leso una nguvu zake na umezoea kusema peke yake. Ukiuweka wazi katikati ya kazi ya kidhahania, macho hayatafuti tena. Akageuza vitambaa kinyume, akafunika mji, yaani sehemu ya katikati ya leso, akaacha vipande vya pindo vikichungulia kupitia nyufa. Watu wa Pwani bado walizitambua. Wengine waliona rangi tu, na hilo lilikubalika.

Kuhusu nyufa zenyewe, uamuzi ulikuwa kwamba ufa uliotokea kwa bahati hautaonyeshwa. Mbao tatu zingepasuka kwa makusudi, sita zisipasuke, na ufa wowote usiotarajiwa katika zile sita ungezibwa. Kuna aliyemwambia kwamba anaua uhai wa kazi. Nampinga. Ufa ambao msanii hawezi kuurudia bado ni mali ya hali ya hewa. Akishajua umetoka wapi na anaweza kuuita kwa unene anaoutaka, ndipo anapoweza pia kuamua kutouita, na mtazamaji akasoma tofauti kati ya ubao uliopasuka na uliotulia. Nyufa zikiwa kila mahali, hazisemi kitu.

Matokeo

Maonyesho yalifanyika mwishoni mwa Oktoba, katika ukumbi mmoja wa Nairobi, yakiwa na mbao saba kati ya tisa. Tatu zilinunuliwa.

Mbili zilizobaki nyumbani zinahitaji maelezo. Ya kwanza ilifungwa mwezi wa Julai. Usiku wa Julai jijini hushuka hadi karibu nyuzi 11 au 12, na chini ya mabati yasiyo na dari baridi huingia yote. Gundi ya akriliki hushikana vizuri ikiwa na joto. Inapokaribia nyuzi 10 chembe zake huungana kwa shida na tabaka hubaki dhaifu. Uso ulikuwa mkavu mkononi, ndani bado mbichi. Ilifungwa kwa nailoni yenye viputo ili ipelekwe kupigwa picha, ikakaa hivyo siku nne, na ilipofunguliwa ilikuwa na alama za viputo uso mzima. Nailoni ilinasa katika sehemu mbili na kung'oa udongo.

Ya pili ilikuwa na vipande vya mabati chakavu vya Kamukunji vilivyozikwa kwenye udongo, kuwakilisha paa za mtaani. Zinki ikiwa imeshachakaa, maji ya mchanganyiko yaliamsha kutu, na kutu inapojengeka huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ilisukuma udongo kutoka ndani. Ubao ulivimba kando ya kila kipande na haukuokolewa.

Uzito ulikuwa tatizo la siku ya kutundika. Kila ubao ulikuwa na karibu kilo 25: plaiwudi kama kilo 10, fremu kilo 4, na kilo zilizosalia ni za udongo. Waya mmoja nyuma na msumari mmoja ukutani visingetosha. Fundi alitengeneza vibao viwili vilivyokatwa kwa pembe ya nyuzi 45, kimoja kikaskurubiwa ukutani na kingine nyuma ya kazi, vikakamatana. Njia hii hugawa uzito kwa upana wote na kuruhusu kazi kusogezwa kushoto au kulia bila kutoboa tena.

Uchambuzi

Vibao 24 ndivyo vilivyookoa mfululizo, na viliokoa mambo mawili yanayodhaniwa kuwa mbalimbali. Vilimpa vipimo, na vilimpa wazo. Msanii alipokuwa kwenye kanvasi alitumia vifaa kama alama: udongo huu ni baba, kitambaa hiki ni mama. Alama hazihitaji kujaribiwa, ndiyo maana hakujaribu. Kwenye vibao alilazimika kuangalia udongo unafanya nini, na katika kuangalia huko akakutana na kitu ambacho hakuwa amekipanga kabisa. Wanaofundisha kazi za utambulisho huanza mara nyingi na insha: jieleze wewe ni nani, kisha tafuta vifaa. Kisa hiki kinaonyesha faida ya kwenda kinyume. Angeandika insha kumi asingeandika udongo wa mtaroni.

Kuhamia kwenye ubao mgumu ilikuwa hatua sahihi na ilichelewa. Hakuna gundi inayotibu kanvasi inayocheza chini ya tabaka gumu. Anayeshikilia kanvasi kwa sababu ya uzito abaki na tabaka lisilozidi milimita 2 au 3, lenye gundi nyingi ya akriliki na kijazio chepesi kama unga wa mbao uliochujwa, na bado ajaribu kukunja kipande kabla ya kukiamini.

Gundi nyeupe ya mbao inastahili onyo la peke yake, maana ni rahisi na iko kila duka la vifaa vya ujenzi. Kwa kuunganisha mbao ndani ya nyumba haina shida. Kama gundi ya udongo hulainika ikipata unyevu na kugeuka ngumu na ya manjano kadiri miaka inavyopita. Kwenye vibao vyake, vile vya gundi nyeupe vilinata kidole wakati wa mvua. Vya akriliki havikunata.

Kuna jambo la taa ambalo karibu liharibu kila kitu. Ukumbi ulikuwa umeelekeza taa kutoka mbele, kama kwa picha bapa, na siku ya kutundika mbao za udongo mweusi zilionekana kama vigae vichafu. Taa zilisogezwa karibu na ukuta ili mwanga ushuke kwa ubavu. Kila ufa ukapata kivuli chake, na mikunjo ya mbeleko, ambayo kina chake hakifiki milimita 3, ikaonekana kutoka mlangoni. Kazi ya tabaka nene huchorwa nusu na mwanga. Mtu apeleke taa ya mkononi karakana, azime zile za juu, na aangalie ubao kutoka ubavuni kabla ya kuamua kwamba umekamilika. Kazi mbili za mfululizo huu zilionekana zimejaa mno mchana na tupu kabisa usiku, na zikarekebishwa kwa sababu hiyo.

Vanishi aliiacha, na nakubaliana naye. Hata vanishi isiyong'aa huupa udongo rangi ya kitu kilicholowa, nao hupoteza ule ukavu unaoufanya uonekane udongo. Badala yake alinyunyiza gundi ya akriliki sehemu 1 kwa maji 5, mara mbili, kwa umbali wa sentimita 40. Gharama yake ni kwamba kazi haziwezi kufutwa kwa kitambaa. Karatasi ya mnunuzi inasema zipanguswe vumbi kwa brashi laini kavu, zisitundikwe kwenye ukuta wa bafu au jikoni, na zisipigwe na jua la moja kwa moja.

Kilichoshindwa, mbali na ubao wa mabati na ule wa Julai, ni maelezo ya ukutani. Kurasa mbili zilisimulia ukoo wote, na wageni wengi walisoma kwanza, wakatazama baadaye, wakitafuta mama yuko wapi na baba yuko wapi. Kosa lililoondolewa kwenye leso lilirudi kupitia karatasi. Kwa mfululizo unaofuata amebakiza orodha ya vifaa na mahali vilikotoka, basi.

Mbao zinazouzwa sasa zina maelezo nyuma yake: namba ya kibao cha majaribio, vipimo, tarehe ya kila tabaka na hali ya hewa ya wiki hiyo. Mnunuzi mmoja alipiga simu baada ya masika yaliyofuata kusema kona ya chini ya ubao mweusi imeachia kisiwa kimoja. Maelezo ya nyuma yalionyesha kwamba kona hiyo ilipata gundi ya sindano mara mbili badala ya tatu. Kisiwa kilirudishwa mahali pake kwa spiriti na gundi ileile, na kona tatu zilizobaki zikaongezewa siku hiyohiyo.